Mwani wakimbilia kina kirefu, akina mama hawana boti

KATIKA vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, saa ya kwenda shamba haipangwi na jua, hupangwa na maji. Bamvua likifika na bahari ikapwa, wanawake wa Paje, Jambiani, Bwejuu na vijiji jirani hubeba kamba na vijiti, wakatembea hadi mahali ambapo saa chache kabla palikuwa na maji ya kumfunika mtu mzima. Huko ndiko yaliko mashamba ya mwani. Maji yakianza kujaa kazi husimama, iwe imekwisha au haijakwisha.

Mwani si zao dogo. Zanzibar linatajwa kuwa la tatu kwa kuingiza fedha za kigeni, baada ya utalii na karafuu. Wakulima wake wanazidi 20,000 na katika kila kumi, wanane au zaidi ni wanawake. Sehemu kubwa ya mavuno hutoka Pemba, ingawa ni mashamba ya Unguja ndiyo yanayopigwa picha zaidi na watalii.

Wanawake hawa hawajiiti watetezi wa mazingira. Hawana ofisi wala mabango. Lakini kwa kuwa wanasimama ndani ya bahari siku nyingi za kila mwezi, wao ni miongoni mwa watu wa kwanza kuona kwamba maji yamebadilika. Wameuona mwani ukipauka, ukalegea na kukatika kwenye kamba. Wameona magugu ya baharini yakiung'ang'ania. Na wao ndio waliolazimika kutafuta la kufanya, kwa sababu hasara ilikuwa yao.

Dawa yenyewe inajulikana. Mwani upelekwe kwenye maji ya kina kirefu, ambako joto si kali. Ugumu ni kwamba huko hakufikiki kwa miguu. Panatakiwa boti, nanga, maboya na mtu anayejua kuogelea, na wanawake wengi wa mwani hawana boti na hawakupata kufundishwa kuogelea. Hivyo jambo ambalo mikutanoni huitwa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, na kuzungumzwa kwa siku tatu hotelini, ufukweni limefikia kwenye boti moja na mafunzo ya wiki chache ya kuogelea.

Kutoka usumba hadi mwani

Kabla ya mwani, mwanamke wa vijiji hivi aliyetaka fedha yake mwenyewe alifukia makumbi ya nazi kwenye mchanga wa pwani. Aliyaacha humo miezi kadhaa yaoze, akayafukua, akayaponda na kusokota kamba za usumba. Wengine waliokota kombe au kuvua pweza miambani. Ilikuwa kazi ndefu yenye malipo madogo, na hela iliyopatikana mara nyingi iliishia kwenye chumvi na mafuta ya taa.

Utafiti wa awali wa mwani wa Tanzania ulifanywa na Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu miaka ya 1970. Kilimo cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Aina zilikuwa mbili, nazo ndizo zilizopo mpaka leo: spinosamu na kotonii. Zote hukaushwa na kusafirishwa nje, ambako viwanda hutoa ndani yake kitu kiitwacho karajinani, kinachotumika kuzitia uzito dawa ya meno, aiskrimu, vipodozi na dawa za hospitali. Mkulima wa Jambiani huenda kila asubuhi anapiga mswaki kwa jasho lake mwenyewe, limekwenda Ulaya na kurudi.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Vijiti hupigiliwa mchangani kwa safu, kamba hufungwa kutoka kijiti hadi kijiti, na kwenye kila kamba hufungwa vipande vya mbegu kwa uzi mdogo uitwao taitai. Baada ya wiki sita hivi mwani huvunwa, hubebwa ukiwa umeloa maji, hutandazwa kukauka, kisha huuzwa kwa kilo. Kilo saba au nane za mwani mbichi hutoa kilo moja tu ya mkavu. Chukulia mama aliyevuna kilo 400: amebeba mzigo wote huo hadi nchi kavu, lakini mizani ya mnunuzi itasoma kilo 50, pengine 57.

Juu ya hapo kuna maumivu ya mgongo, macho yanayowasha kwa jua na chumvi, na miiba ya wale viumbe wa baharini ambao hukanyagwa bila kuonekana. Watafiti waliochunguza afya ya wakulima hao wameyaandika haya miaka mingi iliyopita. Hayajapata dawa ya maana zaidi ya viatu vya mpira, na hata hivyo si kila mtu anavyo.

Pamoja na hayo mwani ulileta jambo ambalo usumba haukuleta. Ulileta fedha inayolipwa mkononi mwa mwanamke, kwa jina lake, kila baada ya mavuno. Kwa fedha hiyo watoto walinunuliwa sare na madaftari, nyumba zikapauliwa bati, na wanawake wakaanza kuweka hisa kwenye vikundi vya kuweka na kukopa. Baadhi ya wanaume nao waliingia kwenye mwani miaka ile ya mwanzo. Bei ilipokuwa mbaya wengi walirudi kwenye uvuvi au wakaenda kutafuta kazi za hoteli. Wanawake walibaki, si kwa kuwa bei iliwaridhisha, ila kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kwenda.

Bei hiyo ina historia yake. Kwa miaka mingi mnunuzi ndiye aliyetoa kamba na taitai, na aliyezipokea alifungwa kumuuzia yeye huyo huyo, kwa bei aliyoipanga yeye. Mnunuzi naye hutazama soko la dunia, ambako wenye sauti ni Indonesia na Ufilipino. Mkulima wa Pemba yuko mwisho kabisa wa mnyororo huo. Bei ikishuka Asia, yeye huambiwa tu.

Kotonii ilivyotoweka

Kati ya aina hizo mbili, kotonii ndiyo yenye faida. Bei yake kwa kawaida ni mara mbili ya spinosamu au zaidi, kwa sababu karajinani yake huganda vizuri na hutafutwa zaidi viwandani. Lakini kotonii ni laini. Hustawi maji yakiwa kati ya nyuzi joto 25 na 30 hivi. Yakizidi hapo kwa siku kadhaa mfululizo, hudhoofika, na ikidhoofika hushambuliwa na vijidudu. Matawi hupauka na kuwa meupe mithili ya barafu, halafu hukatika vipande vipande. Mkulima huja na bamvua linalofuata akakuta kamba tupu.

Maji ya kina kifupi ndiyo yanayopata moto haraka. Bahari ikipwa mchana wa jua kali la kaskazi, maji yaliyobaki kwenye kidimbwi cha pwani hupashwa kama yaliyo kwenye sufuria. Mvua kubwa nayo huyazimua maji hayo kwa maji baridi, na mwani haupendi mabadiliko ya ghafla ya chumvi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii imekuwa ikifa karibu kila mahali Unguja, na iliyobaki zaidi ni ya sehemu chache za Pemba. Wakulima wamelazimika kushika spinosamu, ambayo huvumilia, ingawa nayo katika miaka ya joto kali imekuwa ikiugua.

Maana yake kwa mfuko wa mkulima ni hii: kazi ile ile na siku zile zile ndani ya maji, kwa nusu ya bei au chini ya hapo. Hakuna mfanyabiashara ambaye angeivumilia hesabu hiyo kwa miaka ishirini bila kulalamika. Kwa sababu wanaoibeba ni akina mama wa vijijini, haikupata kelele ambayo ingepigwa kama zao lingekuwa karafuu.

Aliyelishughulikia tatizo hili kwa muda mrefu ni Dk. Flower Msuya, mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyopo Zanzibar. Mwaka 2006 alianzisha umoja uliowakutanisha wakulima wa mwani, watafiti, wafanyabiashara na serikali. Yeye na wakulima wakaanza kujaribu kilimo cha maji ya kina kirefu kwa nyavu zenye umbo la bomba. Mbegu hutiwa ndani ya wavu, wavu hufungwa ncha zote mbili na kuning'inizwa majini kwa maboya na nanga. Kwa kuwa mwani umo ndani ya wavu, mawimbi hayaukati kirahisi, na kwa kuwa uko mbali na mchanga, joto la maji ya kupwa haliufikii.

Njia hiyo ina faida nyingine ambayo haitajwi sana. Kilimo cha zamani kinakula vijiti. Vingi hukatwa mikokoni na kwenye vichaka vya pwani, na huoza au kuliwa na wadudu wa baharini, hivyo lazima vikatwe vingine. Wakulima wengine pia hung'oa majani ya baharini ili kusafisha shamba, nayo ndiyo malisho na makazi ya samaki wadogo. Mtu anayeusifia mwani kuwa ni kilimo safi asiyajue haya, ameutazama kwa mbali. Nyavu na maboya hupunguza hitaji la vijiti, na majani ya chini yakaachwa yalivyo.

Boti ni ya nani

Hapa ndipo msaada unapopata maana yake, na ndipo unapoweza pia kuharibu.

Shamba la kina kirefu haliwezi kuwa la mtu mmoja. Wavu uliojaa ni mzito, huvutwa na watu kadhaa wakiwa ndani ya chombo. Kwa hiyo lazima kiwepo kikundi, na kikundi lazima kiwe na boti. Kisipokuwa na boti yake, hukodi ya mvuvi, ambaye siku ya maji mazuri huwa na safari zake. Wanawake husubiri. Mwani uliokomaa hausubiri. Ukikaa sana hukatika na kuzama, au samaki aina ya tasi wanaoupenda huja kujihudumia.

Halafu kuna suala la kuogelea. Watu wa bara hushangaa kusikia kwamba mwanamke aliyezaliwa hatua mia moja kutoka baharini hajui kuogelea, lakini ndivyo ilivyo kwa wengi. Mvulana hujifunza kwa kucheza, msichana huitwa nyumbani. Vazi nalo lina sehemu yake, kwa kuwa shungi na kanga zikiloa huvuta chini. Miradi michache imeonyesha kuwa jambo hili linatengenezeka. Kule Nungwi, kaskazini mwa Unguja, wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayofunika mwili mzima, na walimu wakiwa wanawake. Penye heshima ya namna hiyo, wazazi hawakukataa.

Hatari kubwa zaidi si ya kuzama. Ni kwamba kotonii ikirudi kwa njia ya boti, na bei nzuri ikarudi nayo, kazi inaweza kuhama mikono. Pwani imeshaliona hilo kwa pweza. Zamani alikuwa ni wa wanawake na vijiti vyao miambani wakati wa maji kupwa. Wanunuzi wa kusafirisha nje walipokuja na bei ikapanda, wakaingia wanaume wenye miwani ya kuzamia, wakamfuata pweza kwenye kina ambacho wanawake hawafiki. Hakuna sheria iliyovunjwa. Mwenye chombo ndiye aliyefika.

Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliunda Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi mwaka 2020, na katika miaka iliyofuata imegawa boti kwa vikundi vya wavuvi na wakulima wa mwani. Ni hatua kubwa kuliko semina zote zilizotangulia. Lakini boti ikishafika kijijini, maswali ya kuulizwa ni ya kawaida kabisa. Kadi yake imeandikwa jina la nani? Nahodha, ambaye mara nyingi ni mwanamume, analipwa kwa siku au anachukua sehemu ya mavuno? Nani anaweka fedha za kununua plagi na kuziba nyufa? Siku ambayo mwani hauvunwi, boti ikienda kuvua, mapato yanaingia kwenye daftari la nani? Kikundi kisichoyaandika majibu hayo mapema kitajikuta kina boti kwa jina tu.

Mafundi wa majahazi na mashua wanaweza kuona fursa hapa. Boti ya mwani si boti ya uvuvi. Inatakiwa iwe na kingo za chini ili wavu uvutwe bila kuumiza mgongo, tumbo pana la kubebea mzigo uliolowa, na isiyumbe watu watano wakisimama upande mmoja. Haihitaji mashine kubwa, kwa kuwa shamba haliko mbali. Boti ya namna hiyo, iliyotengenezwa hapa hapa na fundi anayefahamika, huwa nyepesi kuikarabati kuliko iliyoagizwa.

Fedha inayofika na isiyofika

Duniani hakuna upungufu wa ahadi za fedha kwa ajili ya mabadiliko ya tabianchi. Upungufu upo kwenye kufika. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya IIED ya Uingereza ilikadiria kuwa chini ya asilimia 10 ya fedha za mifuko ya kimataifa ya tabianchi ndizo zilizoelekezwa kwenye kazi za ngazi ya wananchi. Kilichobaki huishia kwenye ngazi za juu zaidi. Fomu za mifuko hiyo ni ndefu, huandikwa kwa Kiingereza, na hudai hesabu zilizokaguliwa. Kikundi cha wanawake 15 wa Kisiwa Panza hakina mkaguzi.

Si lazima iwe hivyo, na mfano uko kwa jirani. Mwaka 1977 Profesa Wangari Maathai alianzisha Kenya harakati ya Green Belt, chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake. Maofisa wa misitu wa wakati ule walitilia shaka kwamba wanawake wasio na diploma wangeweza kuotesha miti. Wanawake wakachukua mbegu walizozijua, wakaziotesha kwenye makopo na vyungu vilivyovunjika kama walivyokuwa wakiotesha mazao yao. Sehemu ya kuvutia kwa msomaji wa ukurasa wa biashara ni malipo. Mwanamke hakulipwa kwa kuhudhuria mafunzo, wala kwa kuchimba shimo. Alilipwa kwa mche ulioshika na kuishi. Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo mno, senti chache tu za dola kwa mche, lakini kilikwenda moja kwa moja kwa aliyeufanya ule mti uishi. Miti iliyopandwa kwa utaratibu huo imepita milioni 50, na Maathai akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, miaka saba kabla ya kufariki.

Wafadhili wengi wanaokuja pwani hufanya kinyume chake. Hulipa posho ya semina, kofia na fulana, kisha huhesabu watu waliokaa kwenye viti. Kama mwani ungelipiwa kwa mtindo ule wa Kenya, hesabu ingekuwa ya kamba za kotonii zilizofika siku ya kuvunwa.

Kwenye pwani hiyo hiyo ya Kenya, kijiji cha Gazi kaunti ya Kwale nacho kimepata njia yake. Tangu mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117 za mikoko, umekuwa ukiuza hewa ukaa kwa wanunuzi wa nje, na fedha hizo hupangiwa matumizi na kamati inayochaguliwa na wanakijiji. Zimetumika kwa maji na shule. Wanawake wa Gazi, kwa upande wao, wana njia ya mbao iliyojengwa katikati ya mikoko, ambayo wageni hulipia kupita. Mapato si ya kumtajirisha mtu. Lakini anayekata mkoko Gazi anakata kitu chenye bei, na jirani zake wanaijua bei hiyo.

Sabuni na mizani

Wakulima wa Zanzibar hawakukaa kusubiri boti. Njia nyingine waliyoishika ni kuuza mwani ukiwa si mwani tena. Vikundi vya Kidoti, Bweleo na Paje ni kati ya vilivyotangulia kutengeneza sabuni kwa unga wa mwani, mafuta ya nazi na viungo kama mdalasini na karafuu. Vingine hutengeneza mafuta ya kupaka, kachumbari na juisi. Unga unaotiwa kwenye kila kipande cha sabuni ni kidogo, hivyo kilo moja ya mwani mkavu, ambayo kwa mnunuzi ni kilo moja tu, hutoa vipande vingi vinavyouzwa kimoja kimoja.

Ni biashara nzuri, lakini wanaoisifia huacha nusu ya habari. Magadi makali ya kutengenezea sabuni huunguza ngozi na macho, na hayafai kushikwa jikoni penye watoto. Duka la hoteli halipokei bidhaa isiyo na nembo ya ubora, na kuipata kutoka Taasisi ya Viwango Zanzibar kunahitaji chumba safi cha kazi, vipimo na ada. Mtalii hununua sana Julai, Agosti na Desemba. Mwezi Mei sabuni hukaa. Na hata kikundi kinachofanya vizuri hutumia sehemu ndogo sana ya mwani wa kijiji. Sabuni inainua wanawake ishirini au thelathini. Maelfu waliobaki bado wanasubiri mizani ya mnunuzi, na wao hawatatoka pale kwa sabuni. Watatoka kwa kotonii.

Wapo pia walioacha mwani kabisa. Huko Jambiani baadhi ya wanawake, kwa msaada wa taasisi moja isiyo ya kiserikali iliyoanza mwaka 2009, wanalima sponji za baharini, zinazovumilia joto kuliko mwani na huuzwa kwa wageni kwa kuogea. Wakulima wake ni wachache, na mafunzo huchukua muda mrefu. Lakini miongoni mwa masharti yake ya kwanza ni kujua kuogelea, jambo linaloonyesha tena kizingiti kilipo.

Mahali pa kubisha hodi

Kwa Zanzibar, Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi ndio unaoshughulika na mikopo ya wajasiriamali wadogo, na vikundi vya mwani vinaruhusiwa kuomba. Vilivyosajiliwa na vyenye daftari la hisa linaloeleweka husikilizwa kwanza.

Kwa Tanzania Bara, mwani hulimwa Tanga, Bagamoyo, Mafia, Kilwa, Lindi na Mtwara. Huko sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni za wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya kuonekana kuwa fedha nyingi hazirudi na vikundi vingine vilikuwa hewa, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi cha kweli kisiogope ukaguzi huo. Wenye kamba baharini wana kitu cha kumwonyesha ofisa maendeleo ya jamii, ambacho kikundi hewa hakina.

Tatizo ni marejesho. Mikopo mingi hutaka fedha irudi kila mwezi, na mwani haulipi kila mwezi. Mavuno ni kila wiki sita, na yanaweza kukosekana kabisa kwenye miezi ya joto. Kikundi kinachosaini marejesho ya kila mwezi kuanzia Januari kinajichimbia shimo, kwa kuwa Januari hadi Machi ndiyo miezi ambayo mwani huugua. Afadhali kuomba muda wa kupumzika wa miezi mitatu, au malipo yafuate mavuno, na kuandika hivyo kwenye mkataba kabla ya kutia saini. Ofisa mikopo aliyezoea maduka na bodaboda hawezi kulijua hilo asipoelezwa.

Jambo jingine la kuelezwa ni mbegu. Kotonii ya kupanda haipatikani kwa wingi, na iliyopo ikikatwa kila mara kutoka mmea ule ule kwa miaka mingi hupoteza nguvu. Vikundi vya Pemba vyenye mbegu iliyosalimika vina mali ambayo vya Unguja vinaihitaji, na biashara ya mbegu kati ya visiwa hivyo viwili inaweza kuwalipa wote. Mbegu husafirishwa ikiwa imeloa, kwenye magunia yaliyofunikwa jua, na inapaswa kurudi baharini siku hiyo hiyo. Kwa kuwa kotonii hukaa vizuri zaidi wakati wa baridi ya kusi, kati ya Juni na Septemba, anayetaka kuijaribu kwenye maji ya kina kirefu anahitaji wavu, maboya na boti viwe tayari mwezi Mei, mvua za masika zinapokatika.